Plastiki laini za ndani ya gari zimeanza kunata: nikwangue, nipake upya au nivishe vinili?

Tairi_la_Akiba
Wakuu, habari za muda huu. Zile plastiki za ndani ya gari zenye mguso laini kama raba zimeanza kunichosha. Ukizishika vidole vinagoma kuachia, na vumbi lote la dunia limeamua kuhamia humo. Nimefikiria njia tatu: kukwangua hiyo raba nibaki na plastiki tupu, kupuliza rangi mpya, au kuvisha filamu ya vinili. Jumamosi niko huru na nataka nimalize siku hiyohiyo. Mngekuwa ninyi mngechagua ipi?

KabatiLaSpana
Mkuu, umeuliza kitambaa kinatosha bila kusema unashona kanzu au soksi. Sehemu zipi? Zinanata tu au zinabanduka? Gari la mwaka gani? Na picha iko wapi?

Rangi_ya_Pili
Picha ya nini, akwangue tu. Isopropili alkoholi ya asilimia 90 kwenda juu na tambara la maikrofaiba. Lowesha, acha dakika moja au mbili, futa. Usisugue kwa hasira. Inatoka kama lami, kwa hiyo andaa matambara mara tatu ya unayodhani yatatosha, maana tambara likishajaa linaanza kurudisha uchafu kule ulikoutoa. Chini utakuta plastiki ngumu ambayo haikuwa na kosa lolote. Mimi nimefanya magari mawili, sijajuta.

Mama_Klachi
Rangi_ya_Pili kila mtu anamwambia akwangue, hata mgonjwa wa jino. Plastiki ya chini si lazima iwe nyeusi. Yangu ilitokea kijivu cha majivu, na mistari ya kalibu inaonekana waziwazi. Waliotengeneza waliificha kwa makusudi. Mimi nilivisha vinili nyeusi isiyong'aa, mwaka wa tatu huu.

Tairi_la_Akiba
Samahani, nilikuwa kazini. Gari ni la 2004. Aina sitaji, mtaanza vita. Sehemu zenyewe ni vishikio vya milango yote minne (hivi vinabanduka), fremu ya redio (inanata), na vitufe vya kiyoyozi (vinanata zaidi).

KabatiLaSpana
Vitufe! Hilo ndilo ungeanza nalo. Alama zake zinawaka usiku?

Tairi_la_Akiba
Ndiyo, kwa kijani. Kwani kuna nini?

Saa_Tatu_Usiku
Ndugu yangu, weka hiyo chupa chini kwanza nikusimulie.

Kitufe cha kuwaka mara nyingi ni plastiki nyeupe au angavu inayopitisha mwanga. Juu yake kuna rangi nyeusi, na ile alama ya feni au ya kioo imechorwa kwa leza kwa kuondoa huo weusi. Maana yake alama haipo kwenye plastiki, ipo kwenye rangi. Mimi sikujua. Nilifuta kitufe cha kwanza kikawa cheupe pee. Mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikasema labda ni hiki tu kibovu, nikafuta cha pili. Nilipofika cha tano nikawa namalizia ili vifanane.

Usiku nikawasha taa: katikati ya dashibodi kunawaka kama jokofu lililoachwa wazi. Nikapuliza rangi nyeusi, kukawa giza totoro, hakuna alama hata moja. Nikabandika vibandiko vidogo vya alama, joto likavikunja kona kimoja baada ya kingine, na kimoja nikakikuta kwenye mkono wa shati ofisini. Kwa miezi kadhaa niliendesha kwa kukariri. Mama mkwe akaomba ubaridi kidogo, nikampulizia hewa ya moto usoni huku natabasamu. Mwishowe nikanunua paneli nzima iliyotoka kwenye gari lililovunjwa. Na yenyewe sasa imeanza kunata.

Rangi_ya_Pili
Pole, lakini hiyo ni haraka yako. Kuna vitufe ambavyo raba yake ni tabaka angavu lililo juu ya weusi. Hapo unaweza kutoa la juu ukaacha la chini, ukitumia pamba na mkono mwepesi.

Saa_Tatu_Usiku
Na utajuaje kama ni vya namna hiyo kabla hujafuta?

Rangi_ya_Pili
Unajaribu pembeni.

Saa_Tatu_Usiku
Pembeni ya kitufe chenye upana wa kucha?

Mzee_Kabureta
Vijana, tatizo ni hayo mafuta mnayojipaka na vitakasa mikono. Magari yetu ya zamani yalikuwa na plastiki ngumu kama sahani, hakuna kilichonata. Pakeni poda ya mtoto, mwisho wa habari.

Nati_Moja
Shikamoo mzee. Mafuta ya mikono yanachangia kweli, ndiyo maana kishikio huanza kuliwa pale kidole gumba kinapokaa. Ila si yote. Hiyo raba ni rangi ya poliurethani, na unyevu wa hewani huikata minyororo ya molekuli zake taratibu mpaka inalegea na kuwa gundi. Joto linaharakisha. Nina darubini iliyokaa kabatini miaka tisa ndani ya mfuko wake bila kuguswa na mtu, nilipoitoa ilitoka na mfuko. Nani aliipaka mafuta? Na poda itakausha juu siku chache, halafu utakuwa na uji.

Mzee_Kabureta
Marahaba. Lakini darubini si gari.

KabatiLaSpana
Tairi usijisikie vibaya, hata Ferrari 360 na F430 zinajulikana kwa vitufe vya kunata.

Tairi_la_Akiba
Kumbe nina Ferrari.

KabatiLaSpana
Kwa kunata tu.

Bunduki_ya_Rangi
Napuliza rangi kwa kazi, niseme machache. Kwanza, hizo si njia tatu. Vinili haishiki juu ya kitu kinachonata, na rangi mpya juu ya raba iliyooza itabanduka nayo. Kukwangua kupo kwenye zote, unachochagua ni kinachofuata. Pili, fungua kipande uangalie nyuma ni plastiki ya aina gani, mara nyingi kumeandikwa ABS, PC+ABS au PP. PP haishiki rangi bila praima yake maalumu. Tatu, asetoni na thina zisikaribie ABS, zinaiyeyusha. Rangi ya mguso laini yenye kigumishi ni nzuri, lakini ile yenye kigumishi cha isosianeti, kemikali inayodhuru mapafu, si ya kupuliza gereji kwa barakoa ya vumbi. Mapafu hayana spea.

Na Jumamosi moja kwa milango minne, redio na vitufe? Labda uanze Ijumaa ya wiki iliyopita.

Mama_Klachi
Umesema vizuri, lakini kwa vishikio bado vinili.

Rangi_ya_Pili
Vinili kwenye kona za kishikio itainuka.

Mama_Klachi
Ukiivuta baridi itainuka. Ipashe moto kwanza, ikate kwa nafasi, mwisho uichomeke ndani.

Tairi_la_Akiba
Mrejesho. Nimefungua kishikio cha mlango wa nyuma, nyuma kimeandikwa PC+ABS. Nimefuta kipande kidogo upande wa chini kwa alkoholi. Raba imetoka vizuri sana. Rangi ya plastiki ni... kijivu.

Mama_Klachi
Mimi mnyamavu.

Rangi_ya_Pili
Kijivu kipi? Kuna kijivu kizuri.

Tairi_la_Akiba
Cha majivu. Vitufe sijavigusa, na nadhani sitavigusa. Sasa nina mlango mmoja wenye doa na mitatu inayobanduka. Nitawaza.

Kifuniko_cha_Redieta
Samahani kuingilia. Kipanya cha kompyuta yangu nacho kinanata ubavuni. Alkoholi hiyohiyo inafaa?

Saa_Tatu_Usiku
Kina alama zinazowaka?