Tupeane uzoefu: bastola mpya zinazotoka kiwandani na kasoro, na taabu ya kutengenezewa chini ya dhamana

Ndugu zangu, nawasalimu.

Nafungua mada hii kwa ajili yetu tunaoishi Marekani na kumiliki bastola kihalali, iwe ni kwa ulinzi wa nyumbani, kwa kazi au kwa kulenga shabaha. Kila tunapokutana malalamiko ni yaleyale: mtu ananunua bastola mpya kwa fedha nyingi, na kabla hajamaliza boksi la pili la risasi inaanza kukwama, anairudisha kiwandani kama dhamana inavyoelekeza, inakaa huko muda mrefu, kisha inarudi na kikaratasi chenye sentensi moja huku kasoro iko palepale. Chombo ambacho mtu amekinunua akikitegemea saa ya hatari hakistahili kutendewa hivyo.

Wengi hawajui kwamba katika jambo hili mnunuzi ameachwa peke yake kwa mujibu wa sheria. Jokofu au kiti cha mtoto kikiwa na kasoro ya hatari, Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji inaweza kumlazimisha mtengenezaji akirudishe. Lakini sheria ya mwaka 1972 iliyoiunda tume hiyo iliziweka silaha na risasi nje ya mamlaka yake. Shirika la shirikisho la kusimamia silaha, ATF, nalo linasimamia leseni za watengenezaji na wauzaji, namba za silaha na kumbukumbu za mauzo. Ubora wa bastola si kazi yake. Ndiyo maana kampuni inapoziita bastola zirudishwe kiwandani, inafanya hivyo kwa hiari yake au kwa kuhofia mahakama. Mwaka 2013 Springfield Armory iliziita bastola za XD-S kwa sababu zingeweza kufyatuka zenyewe wakati wa kuingiza risasi. Mwaka 2017 SIG Sauer ilijitolea kuzifanyia marekebisho P320 baada ya kuonekana hadharani kwamba zikianguka kwa pembe fulani zinaweza kufyatuka. Novemba 2020 ilikuwa zamu ya Smith & Wesson na Shield EZ ambazo nyundo yake iliweza kupasuka. Kwa upande wa Taurus, ilibidi wanunuzi waende mahakamani, na makubaliano ya mwaka 2015 yakagusa bastola za aina tisa, jumla yake karibu milioni moja.

Hayo yanajulikana kwa sababu yalikuwa makubwa. Ninachotaka tukusanye hapa ni yale madogo ambayo hayaandikwi popote: kasoro ilikuwa nini hasa, kiwanda kilijibu nini, na je, bastola iliporudi ilikuwa imepona? Naomba tusitaje majina ya viwanda katika visa vyetu wenyewe, kwa kuwa kisa cha mtu mmoja hakithibitishi chochote juu ya kiwanda kizima, na sitaki mada igeuke ugomvi wa nembo.

Naanza na changu. Ni bastola ya milimita 9 niliyoinunua hapa Minneapolis. Ganda tupu lilikuwa halitoki kwenye chemba, yaani tundu risasi inamokaa ikifyatuliwa, na risasi iliyofuata ikawa inaligonga kwa nyuma na kukwama. Nilipoimulika kwa tochi nikaona kwamba ncha ya ile ndoano inayolivuta ganda ina kinundu cha chuma kilichopaswa kusagwa, hivyo badala ya kuushika ukingo wa ganda ilikuwa inateleza. Niliyaandika yote hayo kwenye fomu na kuambatisha picha. Bastola ilirudi na karatasi iliyosema imekaguliwa, imesafishwa, imejaribiwa na inafanya kazi. Kinundu kilikuwa hapohapo, wala rangi ya chuma haijakwaruzwa. Nilipoirudisha tena na kuomba barua yangu isomwe na msimamizi wa mafundi, ndipo ndoano ilipobadilishwa, na tangu hapo sijaona tatizo. Kinachoniuma ni kwamba mara ya kwanza hakuna aliyesoma nilichoandika.

Kutoka Houston

Nashukuru mleta mada. Mimi ni mlinzi wa kampuni binafsi, na kwetu kila mlinzi anayebeba silaha hujinunulia yake. Nilichagua rivolva, bastola ya silinda inayozunguka, kwa sababu wazee wa kazi waliniambia haikwami. Nilipofika nayo uwanja wa shabaha, risasi zote zikawa zinakwenda kushoto, hata alipoijaribu mwalimu wetu. Tulipoitazama kwa nyuma tukaona mtutu haukukazwa sawasawa, hivyo alama ya kulengea ya mbele imeegemea kulia. Hilo lilikuwa la macho. Lililonitisha zaidi ni kwamba katika tundu mbili za silinda, silinda ilikuwa haisimami sawasawa na mtutu, na risasi ikiingia inachubuliwa ukingoni, kiasi kwamba aliyesimama pembeni yangu alirukiwa na vipande vidogo vya risasi shavuni. Bastola hiyo imepita mikononi mwa mkaguzi na kuwekwa kwenye boksi. Sijui aliangalia nini.

Safari ya kwanza walinyoosha mtutu na kuiacha silinda kama ilivyokuwa. Safari ya pili wakanipa rivolva nyingine kabisa, yenye namba nyingine, na hiyo ni nzuri. Napenda wenzangu walijue hili: sheria za shirikisho zinaruhusu kiwanda chenye leseni kumrudishia mwenye silaha moja kwa moja ile iliyotengenezwa, au nyingine ya aina ileile badala yake, bila kujaza upya fomu ya ununuzi, ingawa majimbo mengine yana masharti yao. Lakini kazini kwangu kumbukumbu zote zilikuwa na namba ya zamani, na mpaka zilipobadilishwa niliendelea kupangwa kwenye malindo yasiyo na silaha, ambayo malipo yake ni madogo. Dhamana ilinilipia fundi na usafiri. Mshahara uliopungua hakuna aliyeuuliza.

Kutoka Columbus

Habari zenu. Mimi ni muuguzi, natoka zamu usiku wa manane, na nina kibali cha kubeba bastola. Yangu ilikuwa inapiga fataki, kile kiwashio cha kwenye kitako cha risasi, kwa udhaifu: triga inavutwa, mlio mdogo wa chuma unasikika, risasi haiwaki. Nilizichukua risasi zile na kuzitazama kwenye kitako. Alama ya pini inayoigonga fataki ilikuwa ndogo sana na imekaa upande mmoja, ilhali zilizowaka zilikuwa na shimo la kina katikati.

Nilipopiga simu kiwandani, baada ya maelezo mafupi tu niliambiwa kwamba wanawake wengi huishika bastola kwa mkono mlegevu na kwamba niende nikafundishwe. Najua kwamba mkono mlegevu unaweza kuifanya slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma bastola ikifyatuka, isirudi kikamilifu na ganda likakwama. Lakini mkono mlegevu haupunguzi nguvu ya pini kwenye risasi ya kwanza kabisa, ambayo slaidi haijasogea bado! Nilimweleza hivyo, akarudia maneno yaleyale.

Nilimwomba mwalimu wa uwanja wa shabaha, mwanamume mwenye mikono mikubwa, aipige bastola ileile kwa risasi za boksi lilelile huku nikimrekodi kwa simu, nayo ikamgomea kama ilivyonigomea mimi. Nilituma video hiyo pamoja na picha za vitako. Hapo lugha ikabadilika, lebo ya kusafirishia ikaja, na springi ya pini ikabadilishwa. Dada zangu mnaosoma, msikubali kufungiwa mlango kwa hoja ya mkono kabla bastola haijaguswa.

Kutoka Buffalo

Naomba kuchangia kama mtu aliyekuwa fundi silaha jeshini miaka mingi kabla ya kuhamia huku.

Kasoro nyingi mnazozieleza hazihitaji maabara. Zinahitaji fundi mwenye muda. Bastola ni sehemu nyingi ndogo zilizochongwa kwa mashine, na kila mashine huacha vijiba. Zamani fundi aliviondoa kwa tupa na kuzioanisha sehemu moja baada ya nyingine. Siku hizi sehemu zinachongwa kwa vipimo vya kuachia nafasi kidogo ili yoyote ikae na yoyote, jambo ambalo ni zuri kwa bei na kwa vipuri, ila sehemu mbili zilizo kwenye mpaka wa vipimo zikikutana katika bastola moja, haitafanya kazi vizuri ingawa kila moja peke yake ilipasi ukaguzi. Mahitaji yakipanda ghafla hali huwa mbaya zaidi. Mwaka 2020 mfumo wa FBI wa kuwakagua wanunuzi ulipokea maombi karibu milioni 40, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa kabla ya hapo. Si kila ombi ni bastola moja iliyouzwa, lakini mnaweza kukisia kasi iliyokuwa viwandani.

Watu wengi hudanganyika na ile bahasha ndogo yenye ganda tupu wanayoikuta ndani ya boksi. Bahasha hiyo haikuwekwa kwa ajili ya ubora. Maryland ilianza kuwataka watengenezaji waambatishe ganda lililofyatuliwa tangu mwaka 2000, ili polisi wawe na kumbukumbu za alama zake. Ilipofika mwaka 2015 jimbo likaufuta mpango huo. Ganda hilo linakuambia kwamba bastola imewahi kufyatuka. Halikuambii kama itafyatuka mara hamsini mfululizo.

Ulaya nchi kadhaa, zikiwemo Uingereza, Ujerumani na Ufaransa, zimo katika umoja wa CIP ulioanzishwa Brussels mwaka 1914, na kila silaha lazima ipigwe risasi za majaribio zenye shinikizo la ziada katika nyumba maalumu ya upimaji, kisha igongwe muhuri. Kwa bastola shinikizo hilo linazidi kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwa asilimia 30. Naliheshimu sana jambo hilo, ila ni kipimo cha uimara wa chuma. Bastola yenye muhuri inaweza kukwama vilevile. Kilicho karibu na tunachokitaka ni utaratibu wa California, ambako kabla ya aina mpya kuruhusiwa madukani, bastola tatu za aina hiyo hupigwa risasi 600 kila moja katika maabara huru. Ishirini za kwanza zinatakiwa zipite bila mkwamo, na kwa jumla isikwame zaidi ya mara sita, ukiacha risasi zilizokataa kuwaka zenyewe. Tatizo ni kwamba zinazopimwa ni tatu zilizopelekwa na mtengenezaji. Ya kwako haimo.

Kutoka Nairobi

Sikai Marekani, lakini nimeona nichangie kwa sababu bastola tunazouziwa huku zimetoka kwenye viwanda hivyohivyo, na huku dhamana huishia kwenye karatasi. Cheti changu cha silaha kimeandikwa namba ya bastola yangu. Kuirudisha ng'ambo kungetaka vibali vya kuitoa nchini na vya kuiingiza tena, na wangenipa nyingine yenye namba tofauti ningeanza upya na wenye mamlaka. Magazini yangu mpya, yaani kile kibebeo cha risasi, ilikuwa inaachia risasi ya mwisho isimame wima na kuzuia slaidi. Muuzaji aliniambia waziwazi kwamba kiwanda hakitanisikiliza, akanipeleka kwa fundi mwenye leseni ambaye aliurekebisha mdomo wa magazini, nami nikalipa mwenyewe. Nyinyi mnaopata lebo ya bure, itumieni haki hiyo.

Kutoka Phoenix

Kwa haki, niseme na la upande wa pili. Alama ya nyuma ya kulengea ilikuwa imelegea. Niliandika barua pepe, wakanijibu kesho yake, bastola ikarudi upesi ikiwa na maelezo ya sehemu iliyobadilishwa, jina la fundi na karatasi ya shabaha aliyoipiga. Hicho ndicho kiwango ninachokitaka kwa kila mtu.

Mleta mada

Nawashukuru wote. Nimeulizwa pembeni kama dhamana ni lazima kisheria. Sheria ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975 haimlazimishi mtengenezaji kutoa dhamana ya maandishi. Inamtaka tu akiitoa aeleze wazi kama ni kamili au ina mipaka. Ruger, kwa mfano, haitoi kabisa dhamana ya maandishi na inaieleza sababu hiyo katika vijitabu vyake, ingawa inaendelea kuwatengenezea wateja. Kwa hiyo someni karatasi kabla ya kulipa. Na kuhusu usafirishaji, msiende na bastola kwenye kaunta ya kampuni ya vifurushi kwa hiari yenu, kwa kuwa kampuni kubwa hazipokei kutoka kwa mtu asiye na leseni. Subirini lebo na maelekezo ya kiwanda, au pitieni duka lenye leseni.

Kutoka Columbus

Shikamoo mzee wa Buffalo. Bastola yangu imerudi na inawaka. Niiamini lini?

Kutoka Buffalo

Marahaba mwanangu. Isafishe kwanza, maana hurudi na grisi nzito ya kiwandani, kisha uipake mafuta mepesi kama kijitabu kinavyoelekeza. Zipe magazini zako namba kwa kalamu ya rangi, ili mkwamo ukitokea ujue kama unaifuata magazini moja au uko kwenye bastola yenyewe. Piga risasi za kawaida 150, halafu 50 za aina ileile utakayoibeba, ingawa ni ghali, na uandike kila kinachotokea. Ikikwama kwa sababu isiyo ya risasi mbovu, hesabu ianze upya; ikirudia, irudishe pamoja na daftari hilo. Mpaka imalize, endelea kubeba ile uliyokuwa nayo zamani.