Fuu fuu ya sikio la shangazi

Shangazi Rehema: Wanangu ile kelele ya sikio la kulia bado ipo, usiku nikilala ndo inazidi, fuu fuu fuu kama mtu anapuliza

Hamisi: Pole shangazi. Si MRI ya kichwa ilitoka safi?

Shangazi Rehema: Safi, na kipimo cha kusikia safi. Nikaambiwa nizoee tu

Salma: Shikamoo shangazi. Hebu shika mapigo ya mkononi huku unaisikiliza, vinaenda pamoja?

Shangazi Rehema: Marahaba. Ngoja

Shangazi Rehema: Eeh vinaenda pamoja kabisa! Na nikipanda ngazi inakwenda mbio

Salma: Basi usizoee. Hiyo ni damu unaisikia ikipita, na mara nyingi chanzo kinapatikana kikitafutwa. Sisi huku kwenye vipimo tunaona sana, mtu anapigwa MRI ya ubongo tu halafu mishipa haikuangaliwa

Hamisi: Sasa apige ipi?

Salma: Daktari wa masikio ndo ataamua ila kwa kawaida ni siti skani ya mfupa wa sikio, inaonyesha kama ukuta kati ya sikio na mshipa mkubwa umetoboka au kuna kiuvimbe nyuma ya ngoma, halafu picha ya mishipa yenyewe, ateri (inayotoa damu moyoni) NA vena (inayoirudisha), maana vena ndo inasahaulika na ikibana mahali damu inapiga kelele. Wakihisi ateri imeungana na vena moja kwa moja ndo wanapitisha mrija mpaka kwenye mishipa ya kichwa wapige anjiogramu, yaani picha ya mishipa kwa ndani, hiyo ina hatari kidogo kwa hiyo hawaanzi nayo

Mjomba Juma: Mi kelele yangu ilikuwa inakata nikibonyezwa shingo

Salma: Ndio mjomba, ikikata kwa kubonyeza taratibu inaelekea ni vena. Ila abonyeze daktari, shangazi usijaribu

Shangazi Rehema: Sawa. Na siku hizi nikiinama macho yanaingia giza kidogo, kichwa asubuhi kinagonga

Salma: Shangazi!! Hilo ni la kesho, sio wiki ijayo. Presha ndani ya kichwa ikipanda mshipa wa fahamu wa jicho unavimba, kuona kunaweza kupotea. Nyuma ya jicho paangaliwe kwanza

Hamisi: Nampitia saa 2 asubuhi

Salma: Beba na sidii ya MRI ya zamani. Na hakikisha kwenye fomu ya kipimo imeandikwa "mlio unaofuata mapigo, sikio la kulia", wakiandika "maumivu ya kichwa" tu watapiga ubongo tena