Boksi la simu liandikwe mwisho wa masasisho: ndiyo au hapana?

Mwalimu wa Nzuguni (mleta mada)

Mbukwenyi wakuu.

Hoja yangu ni fupi, maelezo ndiyo marefu. Nataka simu yoyote isiuzwe dukani Tanzania mpaka boksi lake lionyeshe kampuni itaipa masasisho, yaani maboresho ya programu na usalama wake, hadi mwaka gani. Mkulima wa alizeti hapo Chamwino akinunua mbegu iliyothibitishwa anakuta lebo ya TOSCI, taasisi ya kuthibitisha mbegu, kwenye mfuko. Huyohuyo akiuza alizeti akanunua simu, anapewa boksi lenye picha ya binti anacheka na idadi ya megapikseli.

Kilichonileta hapa ni hiki. Machi 2021 nilimnunulia mama yangu, mwalimu mstaafu huko Mpwapwa, simu mpya kabisa, nailoni bado imeng'ang'ania kioo, sh 190,000. Duka na chapa naviweka kando. Ndani ilikuwa na mfumo wa Android 8.1, toleo lililotoka Desemba 2017. Kwa hiyo siku naifungua ilikuwa tayari na uzee wa miaka mitatu, na mimi nanusa harufu ya upya. Haikupata sasisho hata moja. Mwaka jana programu ya benki anakopokelea pensheni ikamwambia toleo lake halikubaliki tena. Simu haina ufa, chaji inakaa siku nzima, tochi inawaka. Imekufa ikiwa nzima. Sasa mama anapanda basi kwenda kuuliza salio.

Najua mtaniambia tuache soko lifanye kazi yake. Soko la simu nimelitazama tangu nikiwa chuoni, na ninachokiona ni kwamba likigeuka, hasara ya kampuni huandikwa kwenye magazeti na hasara ya mnunuzi haiandikwi popote. Nokia ilishika namba moja duniani mwaka 1998, na ile 1100 yake ya 2003, yenye tochi, iliuzwa zaidi ya milioni 250. Ikaja iPhone 2007, ikaja simu ya kwanza ya Android 2008, Nokia ikazubaa na mfumo wake wa Symbian. Februari 2011 bosi wake, Stephen Elop, aliwaandikia wafanyakazi kwamba wamesimama juu ya jukwaa linaloungua, na siku chache baadaye wakaukumbatia mfumo wa Microsoft, Windows Phone. Microsoft ikachukua kitengo cha simu Aprili 2014, na Julai 2015 ikafuta kwenye vitabu vyake dola bilioni 7.6. Hiyo ndiyo hasara iliyoandikwa. Mtu aliyekuwa na Lumia, Nokia ya Windows Phone, mfukoni hakufutiwa kitu.

Wenzetu wameamka. Uingereza, tangu 29 Aprili 2024, mtengenezaji analazimika kutamka muda wa chini ambao kifaa chake kitapata masasisho ya usalama. Umoja wa Ulaya, tangu 20 Juni 2025, umekwenda mbali zaidi: miaka isiyopungua mitano baada ya simu ya mwisho ya toleo hilo kuingizwa sokoni. Sisi Bunge liko hapahapa mjini, nauli ya daladala tu. Karibuni.

Fundi wa Majengo

Heshima yako mwalimu. Mimi niko kwenye meza hii tangu enzi za Nokia 3310, na nakupinga kwa adabu.

Simu zinakuja mezani kwangu kwa mambo matatu: kioo, tundu la chaji na maji. Hajawahi kutokea mteja akaniambia "fundi, nimeishiwa masasisho." Mteja wa huku anauliza bei, halafu betri, halafu kamera. Akiondoka ndipo anakumbuka kuuliza ukubwa wa memori.

Unajua kwa nini Tecno, itel na Infinix zimejaa mitaani kwetu? Zote tatu mama yao ni mmoja, Transsion ya Shenzhen, iliyoanza 2006. Wakubwa walikuwa wanatengeneza simu ya mtu wa kwao kisha wanatuletea na sisi. Hawa walikuja kutazama mtu wa huku anaishije. Laini mbili, kwa sababu mtandao unaoshika mjini ukifika Bahi unaweza kukusaliti. Betri la kuvumilia kijiji kisicho na umeme. Kamera inayomwona mtu mweusi usiku, asibaki meno tu kwenye picha. Mwaka 2019 wanaingia soko la hisa la Shanghai, Wachina wenyewe wengi walikuwa hawajawahi kuishika simu yao. Na spea zao, mwalimu, nazipata bila kuinuka kwenye kiti. Kioo cha simu ya kifahari nasubiri mzigo kutoka Kariakoo, na mteja anapiga kila baada ya nusu saa.

Sasa weka sheria yako. Itakayoondoka sokoni si ile ya milioni mbili, maana Samsung na Google tayari wanaahidi miaka saba kwa simu zao za juu. Itaondoka ya laki na nusu. Aliyekuwa anaimudu hiyo utampeleka wapi?

Halafu boksi hilo hata sasa linasema mambo na hakuna anayesoma. Utakuta limeandikwa 8GB kwa herufi za kuonekana toka ng'ambo ya barabara, pembeni kuna kinyota, chini kabisa kwa maandishi ya sisimizi: 4+4. Nne ni za kweli, nne zimeazimwa kwenye hifadhi. Mteja anaondoka anatamba ana nane.

Mgogo wa Bahi

Fundi umemaliza. Na Huawei je, tarehe yake ingeandikwaje? Mei 2019 Marekani iliwaweka kwenye orodha nyeusi, kesho yake watu wote wenye Huawei wakapoteza Play Store, duka la programu la Google. Kampuni yenyewe haikujua litakalotokea, lebo ingejua?

Kijana wa UDOM

Kaka, hapo kidogo sivyo. Simu za Huawei zilizokuwa zimeshatoka zilibaki na Play Store. Zilizokuja bila huduma za Google ni matoleo mapya, kuanzia Mate 30 ya Septemba 2019. Ila hoja yako inasimama, na ina mkasa mzuri kuliko ulivyoueleza. Robo ya pili ya 2020, kwa hesabu za Canalys, wachambuzi wa soko, Huawei ndiyo iliyosafirisha simu nyingi kuliko kampuni yoyote duniani. Novemba mwaka huohuo ikauza chapa yake ya Honor ili tawi lisikauke pamoja na shina. Agosti 2023 ikaibuka na Mate 60 Pro yenye chipu iliyotengenezwa China, wakati wengi walishaandaa matanga. Hakuna mganga ambaye angepiga ramli hiyo.

Nataka kueleza jambo ambalo mwalimu na fundi wote wamelipita. Kwa nini simu ya bei ndogo haipati masasisho? Watu wanadhani ni uchoyo. Sehemu ni uchoyo, lakini kuna mnyororo. Google anatoa toleo jipya la Android. Mwenye chipu, kwa simu zetu mara nyingi MediaTek au Unisoc, lazima aandae programu za kuiwezesha chipu yake kuelewana na toleo hilo. Baada ya hapo ndipo mwenye chapa anaongeza madoido yake, anajaribu, anatuma. Mwenye chipu akisema "hii nimeshaiacha," mwenye chapa hana pa kushika hata akiwa na moyo wa malaika. Na kazi yote hiyo inalipiwa kutoka kwenye faida ya simu moja, ambayo kwa simu ya laki na nusu ni ndogo mno. Apple anatengeneza chipu mwenyewe na mfumo mwenyewe, ndiyo maana anaweza kuvuta muda mrefu.

Kwa hiyo mwalimu, ukidai tarehe, usimdai mwenye duka. Dai linapaswa kufika mpaka kwa mwenye chipu, na huyo hata ofisi Tanzania huenda hana.

Dada wa Area C

Mnajitesa. Mimi natumia iPhone XR, mtumba. Ilitoka 2018, ikawa inapokea kila toleo la iOS, mfumo wa iPhone, hadi iOS 18 ya 2024. iOS 26 ndiyo iliyoiacha. Hesabuni wenyewe. Mtu ananunua simu mpya ya boksi inakufa miaka mitatu, mimi naichukua iliyotumika inaizika hiyo mpya yake. Umri wa mtumba haufichwi, unaujua toka siku ya kwanza.

Fundi wa Majengo

Dada yangu, hongera. Wewe uliuziwa na mtu mwaminifu. Njoo uwaone wanaoniletea iPhone ya mtumba iliyofungwa na akaunti ya mwenyewe wa zamani, hajulikani yuko Dubai au mbinguni. Hiyo haiflashiki. Inageuka kioo cha kujitazamia. Na betri lake likichoka, likibadilishwa na la hovyo, inaanza kukupa ujumbe wa malalamiko kila ukiiwasha.

Dalali wa Kibaigwa

Nimewasoma wote huku nasubiri malori. Kitochi changu kina miaka sita, kinapiga *150*00# natuma hela ya mahindi, mkulima anapokea akiwa shambani bila bando wala toleo. Tarehe yake ya mwisho ni siku kitakapoanguka kisimani.

Kijana wa UDOM

Mzee wangu, shikamoo. Hapo umegusa kitu. Menyu ya nyota inaendeshwa na mtandao wa simu, haimuulizi mtu ana Android gani. Lakini angalia hata vitochi vilivyotaka kuwa janja: KaiOS, mfumo wa vitochi hivyo, ilitokana na Firefox OS baada ya Mozilla kuiacha, ikauzwa sana kwa sababu ilibeba WhatsApp, na mapema 2025 WhatsApp ikajitoa humo. Mwaka huohuo, Januari, ikaziacha na simu zote za chini ya Android 5. Kabla ya hapo ilishaiaga BlackBerry, Symbian, na mwisho wa 2019 Windows Phone. Kwa mtu wa kawaida, kifo cha mfumo hakitangazwi na mwenye mfumo. Anakiona siku kundi la ukoo linapomtoka.

Sasa mwalimu, tarehe gani iandikwe: ya kampuni ya simu, ya WhatsApp au ya benki?

Afisa, Mtumba (maoni yangu binafsi)

Niongeze mawili ya kiserikali, nikiwa hapa Mtumba, Mji wa Serikali. La kwanza, tumewahi kujaribu kumsaidia mnunuzi kupitia bei: bajeti ya 2021/22 iliondoa VAT kwenye simu janja, na ya 2022/23 ikairudisha. Mimi nilikuwa natafuta simu mwaka ule na madukani niliyopita sikuona ahueni yoyote. Unafuu uliishia njiani kabla haujanifikia. Kwa hiyo ninapomsikia fundi akisema sheria itapandisha bei, namuuliza: mbona msamaha haukuishusha?

La pili, uwezo wa kulazimisha tunao. Usiku wa 16 Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizima simu bandia nchi nzima kwa namba za IMEI, zile za kuitambulisha kila simu. Watu walilalamika, siku zikapita, leo kila mtu anajua *#06# ya kuitazama namba hiyo. Simu kabla ya kuingia sokoni inapaswa kupata kibali cha ubora cha TCRA. Fomu ya kibali ikiongezwa mstari mmoja tu, mwagizaji ndiye atakayembana kiwanda, siyo mama wa Mpwapwa.

Mgogo wa Bahi

Mstari mmoja leo, kesho ada ya mstari.

Afisa, Mtumba (maoni yangu binafsi)

Hilo sikupingi kwa asilimia zote.

Mwalimu wa Nzuguni (mleta mada)

Nimewasikia. Kijana, somo lako la chipu nimelichukua, nitalifundisha kidato cha tatu. Swali lako: nataka ya kampuni ya simu. WhatsApp na benki ni wageni ndani ya nyumba. Kwanza mwenye nyumba aseme paa litakaa mpaka lini.

Fundi, kwenye laki na nusu umenibana na narudi nyuma hatua moja. Sitaki tena kulazimisha miaka. Simu ya bei ndogo iendelee kuja, ila boksi liseme ukweli wake: "Masasisho ya usalama hadi 2027," au kama hakuna, "Hakuna ahadi ya masasisho." Mwenye laki na nusu akiyasoma hayo na bado akanunua, kanunua akiwa macho. LG ilipotangaza Aprili 2021 kwamba inaacha biashara ya simu, bado ilitamka kwamba baadhi ya simu zake zitaendelea kupata matoleo mapya. Kampuni inayofunga duka imeweza kuaga kwa adabu, inayofungua kila siku toleo jipya inashindwaje?

Na kwamba watu hawasomi boksi, fundi, hawasomi kwa sababu limeandikwa ili lisisomwe. Maandishi ya sisimizi ni wewe uliyeyasema.

Jumamosi nimeingia duka moja mjini nikageuza maboksi saba. Yote yana IMEI. Matano yametaja kamera kwa herufi kubwa kuliko jina la simu yenyewe. Lililotaja toleo la Android ni moja. Muuzaji akaniuliza natafuta nini, nikamwambia tarehe ya mwisho. Akalichukua boksi mkononi mwangu, akaligeuza huku na huku, akasema: "Madamu, haya si maziwa."

Fundi wa Majengo

Hahaha! Mwalimu, kabla ya hiyo tarehe, bei ulimuuliza?

Mwalimu wa Nzuguni (mleta mada)

Nilianza na bei.