Nikiolewa tena kweli nnanyang'anywa watoto?

mama_wawili
Asalaam alaykum jamani. Mie nimeachika mwaka wa tatu sasa, nna watoto wawili, wa kiume ana miaka 9 na wa kike 5, nnakaa nao hapa Wete, Pemba, kwa mama yangu. Baba yao yuko Unguja, keshaoa zamani, matunzo ndo hivo, mwezi huu elfu thalathini halafu miezi miwili kimya. Sasa nimeposwa na mtu mzima wa heshima zake, habari zikamfika yule baba yao, juzi kanipigia eti siku nikiolewa ndo siku atakayopanda boti kuja kuchukua wanawe, na kadhi asipompa atawafata skuli. Silali. Sheria kweli iko hivo?

mzee_wa_chake
Waalaykum salaam mwanangu. Kwa madhehebu yetu ya Shafii mama akiolewa na mume asiye jamaa wa watoto hadhana, yaani haki ya kukaa na watoto na kuwalea, humtoka, hilo usilibishe mbele ya kadhi utachoka bure. Lakini ikikutoka weye haimwendei baba moja kwa moja, anayefuata ni bibi mzaa mama, na umesema unakaa kwa mama yako, basi maadamu ana nguvu zake na anawataka wajukuu huyo wa miaka 5 ana pa kukaa. Mtihani ni huyo mkubwa. Keshapita saba, kawaida huulizwa anataka kukaa kwa nani, ila mama akishaolewa baba huwa na hoja zaidi. Nakwambia mapema usije ukashtukia hukohuko.

nahodha77
Dada usiogope, sheria ya ndoa ya 1971 inasema mtoto chini ya miaka 7 anakaa na mama.

bintimahonda
Nahodha hiyo ya kwenu bara, huku Zanzibar haifiki. Huku mambo ya waislamu ya ulezi na matunzo yako kwa Kadhi, sheria namba 9 ya 2017, tena kuna Sheria ya Mtoto namba 6 ya 2011 inayotaka maslahi ya mtoto yatangulizwe. Dada mama_wawili usimngoje yeye atangulie, nenda weye kafungue shauri la ulezi na la matunzo pamoja, chukua karatasi ya talaka na vyeti vya kuzaliwa, na zile meseji za pesa zilizoingia kwenye simu usifute hata moja, maana akifika pale atasema analeta kila mwezi. Matunzo ni juu yake hata watoto wakiwa kwako, hata ukiolewa, mume mpya si wake mzigo huo. Na skuli mwambie mwalimu mkuu leo leo, sheha, mkuu wa mtaa wenu, naye ajue. Ukikwama ZAFELA, jumuiya ya wanasheria wanawake wa Zanzibar, na Kituo cha Huduma za Sheria wanasaidia bila pesa. Yeye kaoa na hakuna aliyemuuliza kitu, haya!

baba_j
Mie ni mwanamme nimepita huko, nisemeni tu. Nilikwenda na hasira nikijua nnatoka na mwanangu mkono kwa mkono. Kadhi akamwita mtoto karibu akaanza kumuuliza mambo ya chuo cha Kurani, amefika juzuu gani, nani anamwamsha asubuhi, nani anamfulia kanzu. Kila jibu ni bibi, bibi, bibi. Halafu ndo akamuuliza unataka kukaa na nani, mtoto kaivua kofia anaizungusha mkononi, kanitazama mie, kamtazama mamake, akasema "kwa bibi". Watu wakacheka mie nikawa natazama sakafu. Nikapewa Ijumaa mpaka Jumapili na nusu ya likizo, na matunzo juu. Sasa hivi ndo namjua mwanangu kuliko nilipokuwa nae ndani, kwa hiyo huyo bwana nae asinyimwe kuwaona, mkimficha watoto ndo mtampa hoja.

mama_wawili
Ahsanteni sana. Kuwaona sijamzuia hata siku moja, Idi iliyopita nimewapeleka mwenyewe mpaka bandarini. Nimemsomea mama hizi za baba_j kacheka mpaka machozi, kisha kainuka katoa kanga zake za kutokea anazinyoosha, anasema Jumatatu twende sote. Ila meseji za mwaka jana zilikuwa kwenye simu ilioingia maji, wale wa mtandao wanaweza kunitolea karatasi?

bintimahonda
Wanatoa, nenda na kitambulisho na laini yako.