Dogo yuko Perth, chuo kimemfutia usajili na sasa imekuja barua ya visa, naombeni msaada

Binti_Rombo
Habari zenu wakuu. Mwenye uzoefu na Australia anisaidie maana hapa nyumbani hatulali. Mdogo wangu alienda Perth kusoma digrii ya uhasibu, visa ya mwanafunzi ile subclass 500. Baadae mzee akaanza kuumwa figo, akawa anasafishwa damu kila wiki, hela ya ada yote ikaishia hospitali. Dogo akashindwa kulipia semista, chuo kikamfutia CoE, ile hati ya kuthibitisha umesajiliwa chuoni, akawa anapiga kazi ghalani akijua atakusanya arudi darasani. Juzi kapata imeili ya uhamiaji, wanasema wanafikiria kufuta visa yake kwa kuwa hajasajiliwa kozi yoyote, ajieleze. Yeye kakata tamaa, anaona bora akae kimya kuliko kuwachokoza. Je visa ndo imeshakufa?

Pwani_Brisbane
Pole sana dada, pole na kuuguza pia. Mwambie dogo atulize kichwa kwanza, iyo sio barua ya kufutiwa, ni notisi ya kwamba wanakusudia kufikiria kufuta, huku tunaiita NOICC. Visa bado ipo hadi afisa atoe uamuzi, aingie VEVO, mtandao wa uhamiaji wa kuangalia hali ya visa, aangalie mwenyewe. Kilichomshika ni sharti namba 8202, lazima uwe umesajiliwa muda wote kwenye kozi iliyoko CRICOS, orodha ya serikali ya kozi zinazoruhusiwa kwa wanafunzi wa kigeni, na chuo kikishafuta CoE kinaripoti kwenye mfumo wa PRISMS, uhamiaji wanaona hapo hapo, kwahiyo asianze kutafuta nani kamchoma. Nafuu iliyopo ni kwamba kufuta kwa kosa hili sio lazima, sheria inasema afisa "anaweza", yaani anatakiwa apime sababu. Sasa akikaa kimya apime nini? Mezani atakuwa na taarifa ya chuo peke yake.

Mkali_wa_Tandika
Mimi nashauri ahame mji apige kazi, Australia kubwa ile nani atamtafuta. Au achukue kozi ya stashahada ya bei chee apate CoE mpya, yaishe.

Mama_Dandenong
Mkali usimpoteze mtoto wa watu jamani. Visa ikifutwa ukabaki nchini bila visa nyingine unakuwa huna uhalali, sheria yao inaruhusu kukuweka kizuizini na kukurudisha, alafu hata ukiwa bado humo nchini visa nyingi huruhusiwi kuomba, na ukitoka unaweza kufungiwa visa nyingi za muda kwa miaka mitatu. Na hiyo ya stashahada ni mtego mwingine, hilo hilo 8202 linataka ubaki kiwango kile kile ulichopewa visa au cha juu zaidi, mtu wa digrii akishuka stashahada kavunja sharti upya mpaka aombe visa nyingine.

Binti, sikia. Mpwa wangu yalimkuta, tulikaa naye tukaandika majibu. Kilichombeba ni ushahidi, maana maneno ya huruma kila mtu anayo. Barua ya hospitali, miamala ya simu na benki inayoonyesha hela ilienda wapi, imeili alizokuwa anaandikia chuo kuomba muda, na kubwa kuliko vyote awe ameshaanza kurudi shule: CoE mpya, ikishindikana basi hata barua ya kupokelewa. Aende chuo chake cha kwanza kabisa aulize kulipa kwa awamu. Karatasi ya Kiswahili lazima itafsiriwe, huko Tanzania BAKITA wanafanya.

Binti_Rombo
Mungu awabariki. Mwisho wa kujibu ni wiki ijayo. Shida kuna wakala aliyemsafirisha toka Dar anataka milioni tatu amwandikie majibu, tumpe?

Pwani_Brisbane
Muulize MARN yake, yaani namba ya usajili ya wakala wa uhamiaji, kisha muitafute kwenye orodha ya OMARA, ofisi ya serikali inayosajili hao mawakala, iko wazi mtandaoni. Kama hana na sio mwanasheria wa huku, usitoe hata mia. Kuna vituo vya msaada wa sheria vya bure, dogo apige simu leo leo. Akiona muda hautoshi aombe kuongezewa kwa maandishi kabla tarehe haijapita. Na ikitokea wamefuta kweli, kuna rufaa ART, baraza la rufaa la huku lililochukua nafasi ya lile la zamani la AAT Oktoba 2024. Siku za kukata rufaa zimo kwenye barua ya uamuzi na baraza halina uwezo wa kukuongezea. Ada yake ni zaidi ya dola 3,000 za huku, ila ukithibitisha hali ngumu wanapunguza nusu, ndo maana nasema nguvu yote iwekwe kwenye majibu ya sasa.

Binti_Rombo
Sawa kaka, nimeongea nae kakubali kujibu, kesho asubuhi anaenda chuo. Mimi nafata barua hospitali. Nimwambie daktari aandike nini?

Mama_Dandenong
Jina la mzee liwe kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa cha dogo, na icho cheti mkiambatanishe ili wajue ni baba yake. Tarehe aliyoanza kusafishwa damu iandikwe, wailinganishe na semista aliyokosa kulipia. Mhuri na saini visikosekane. Risiti za hospitali kama mmezitunza skani zote, hata zilizokunjamana.