Tupeane uzoefu: gari lililoshushwa likianza kugonga, ulijuaje tatizo liko wapi?

Wakuu, habari za saa hizi.

Uzi huu ni wa wenye magari yaliyoshushwa, yaani yanakaa chini kuliko yalivyotoka kiwandani, iwe kwa springi fupi, koilova (shokapu na springi pamoja, kimo kinarekebishwa) au springi za kukata. Naomba kila mmoja aeleze gari lilivyoanza kulia au kuvuta, na mwisho tatizo likaonekana wapi. Gereji nyingi zikisikia ngo-ngo mbele zinaanza na shokapu, kisha boljointi (kiungo kinachoruhusu gurudumu kugeuka na kupanda), kisha stabilaiza linki (kijiti kinachoshika ncha ya chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona), hela inaisha na mlio uko palepale. Gari likishushwa, kifaa kinaweza kuwa kizima kabisa ila kimekaa kwenye pembe ambayo hakikutengenezewa. Ukifunga kipya kwenye pembe ileile nacho kitakufa.

Naanza na langu. Ni Altezza, limeshushwa kwa koilova kama sentimita 4. Bushi (mipira ya viungo) za aamu za chini mbele, ile mikono ya chuma inayoshika gurudumu, zilikuwa zinachanika mapema mno. Zikifungwa mpya, haipiti muda mrefu nikikanyaga rasta nasikia mlio umerudi. Fundi mmoja mtu mzima pale Ilala akanikataza kununua nyingine kabla hajaangalia. Akaingia chini na tochi, akaniita nione: gari limesimama, halijaguswa na mtu, lakini mpira wa bushi umejisokota na nyufa zote zimelalia upande mmoja. Zilikuwa zinakazwa gari likiwa juu, magurudumu yananing'inia. Mpira ule hauzunguki, umeshikana na chuma ndani na nje, kwa hiyo aamu ikipanda unasokoteka. Ukikaza aamu ikiwa imening'inia, gari likikaa chini bushi iko kwenye mvutano hata kabla hujatoka gereji. Anayeshusha gari bila kulegeza bolti za aamu na kuzikaza upya anapata shida hiyohiyo.

Fundi alifunga bushi mpya, bolti akaziacha zimelegea, akaliweka gari juu ya mbao nene ili tairi zote zibebe uzito, akalisukuma juu chini likae sawa, ndipo akakaza. Mlio haujarudi. Karibuni.

Mdau, Mwanza
Mkuu, langu ni Impreza, nimelikuta springi zimekatwa tayari. Lilikuwa linapiga "tak!" moja nzito kila nikimaliza kushuka tuta. Wakati wa kupanda kimya. Nawaomba sana mchunguze mlio unakuja wakati gani, maana hapo ndipo tulipopata jibu. Tulilipiga jeki, gurudumu likaning'inia, springi ikawa inazungushwa kwa mkono! Imekuwa fupi kuliko shokapu ikinyooka, kwa hiyo tairi likishuka springi inaachia kiti chake, likirudi inagonga sahani.

Jingine kwa wanaosema gari linaruka kwa sababu shokapu zimekufa. Inua kile kifuniko cha mpira, funga tai ndogo ya plastiki kwenye fimbo ya shokapu, isukume chini hadi iguse mwili wa shokapu, kisha zunguka na gari barabara ya kawaida. Urudi uangalie imepandishwa hadi wapi. Yangu niliikuta imebanwa kwenye stopa, ule mpira wa kuzuia shokapu isigonge mwisho. Maana yake shokapu haikuwa na nafasi ya kufanya kazi, gari lilikuwa linatembelea mpira wa stopa. Nilinunua springi fupi zilizotengenezwa kwa ajili ya gari hilo, shokapu zilezile zinafanya kazi hadi leo.

Mdau, Dodoma
Dawa ni kurudisha springi za kiwandani tu. Barabara zetu si za magari hayo.

Mleta uzi
Mkuu nakuheshimu, na kwa anayekwenda shamba kila wiki nakubaliana nawe. Ila lililoshushwa vizuri linatembea salama. Hatari ni lile lililoshushwa nusunusu, na mengi barabarani ni hayo.

Mdau, Mombasa
Ndugu zangu, mimi nina Golf. Tairi za mbele zilikuwa zaliwa ndani hadi waya zaonekana, na nje bado mpya. Kila mtu aliniambia ni kwa kuwa tairi limelala, yaani juu limeinamia ndani. Kulala kwachangia, lakini pitisha kiganja juu ya tairi kutoka nje kwenda ndani, halafu urudishe. Upande mmoja ulikuwa laini, kurudi vidole vyakwama kwenye ncha kali za mpira. Ukihisi hivyo, tairi linaburutwa: pua za tairi mbili hazitazamani sawa. Kushusha gari hubadilisha pembe ya tairodi (fimbo ya usukani inayogeuza tairi), na hapo mwelekeo wa tairi hubadilika wenyewe. Nilipanga alaimenti baada ya springi kukaa, gari likiwa na mzigo wa kawaida. Bado limelala kidogo, lakini tairi zala polepole na kwa usawa.

Mdau, Arusha (fundi)
Niongezee kuhusu boljointi, kwa sababu wengi wanapima pasipostahili. Kwenye gari kama Altezza, springi inakaa juu ya aamu ya chini. Ukiweka jeki kwenye bodi, springi inasukuma aamu na kuibana boljointi, utaona imekaza kumbe imekwisha. Weka jeki chini ya aamu yenyewe, karibu na gurudumu, kisha tumia mtaimbo. Kwa Impreza na Golf ni kinyume, inua bodi gurudumu lining'inie.

Halafu shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki. Mchezo ukipotea ni beringi, ukibaki ni boljointi au bushi. Likicheza ukishika kushoto na kulia tu, tazama tairodi na reki endi, kiungo chake cha ndani.

Na stabilaiza linki kwenye gari la chini zinasingiziwa sana. Ifungue upande wa kushoto na kulia, bamba (kile chuma cha stabilaiza chenyewe) ulifunge lisiguse kitu, tembea taratibu uani. Mlio ukiwa bado upo, si linki. Ukiisha, angalia urefu wake kabla hujanunua nyingine, maana gari likishuka linki ya kiwandani inakuwa ndefu na kulisukuma bamba ligonge aamu au draivshafti.

Mdau, Tanga
Wakuu mimi langu ni Corolla, lina springi fupi. Halina kelele kwenye matuta. Ila nikikata kona kali ya maegesho linatoa "tung" kama waya mnene umeachiwa. Mafundi wawili wamenipa majibu mawili, reki na boljointi.

Mdau, Arusha (fundi)
Usinunue chochote kwanza. Gari likiwa chini, mwambie mtu azungushe usukani taratibu, wewe weka vidole kwenye springi, usivipitishe katikati ya mizunguko. Ikiganda halafu ikaruka, ni maunti ya juu (inayoshika shokapu kwenye bodi), beringi yake imeshikana.

Mdau, Tanga
Nimetoka kupima sasa hivi. Kushoto inazunguka vizuri. Kulia inaganda, halafu inaruka na sauti ni ileile. Natafuta maunti, nikifunga nitaleta mrejesho.