Kutokuwa na bima na kutokuwa na cheti cha bima: ni kosa moja au mawili?

Mwendo_Pole

Wakuu, salaam. Naomba tuliweke sawa jambo hili, maana kila kijiwe kina jibu lake. Dereva amesimamishwa, bima ya gari iko hai ila cheti hana mkononi. Je, anashtakiwa kwa kosa lilelile la yule asiye na bima kabisa? Na adhabu inaishia kwenye faini au kuna mengine nyuma yake?

Najua viwango vinatofautiana nchi na nchi. Ninachotaka ni kuelewa mfumo unavyofanya kazi, na mwenye mifano ya sheria halisi aiweke. Nyongeza: mtu akikata bima haraka haraka kwenye simu wakati trafiki bado anazunguka gari, inamsaidia?

---

Wakili_Mezani

Ni makosa mawili, na kuyachanganya ndiko kunakowaponza watu. La kwanza ni kutumia gari barabarani bila bima ya mtu wa tatu. La pili ni kutakiwa uthibitisho ukashindwa kuutoa. La kwanza linahusu mkataba, la pili linahusu karatasi.

Uingereza wameyatenganisha waziwazi katika sheria yao ya usalama barabarani ya 1988. Kifungu cha 143 ndicho cha kutokuwa na bima: adhabu ya papo kwa papo ni pauni 300 na pointi 6 za adhabu kwenye leseni. Kesi ikifika mahakamani, faini haina kikomo na hakimu anaweza kukufungia kuendesha. Dereva ambaye hajatimiza miaka 2 tangu apate leseni anaumia zaidi, kwani pointi 6 zinatosha kumfutia leseni. Anarudi kuwa mwanafunzi na kufanya upya mtihani wa nadharia na wa barabarani. Kifungu cha 165 ndicho cha karatasi, nacho kina mlango wa kutokea: ukipeleka hati ndani ya siku 7 kwenye kituo cha polisi ulichokitaja, yamekwisha.

California wamejenga kwa mtindo mwingine. Tiketi unaandikiwa kwa kutoonyesha uthibitisho, halafu ukithibitisha kwamba bima ilikuwepo *wakati ule*, shtaka linafutwa kwa ada ndogo. Kama haikuwepo, kosa la kwanza ni dola 100 hadi 200, na ukirudia ndani ya miaka 3 ni dola 200 hadi 500. Usidanganyike na udogo wa namba hizo. Juu yake zinapandishwa tozo za mahakama, na jumla hutoka mara kadhaa ya faini yenyewe.

Ujerumani hawacheki kabisa: ni kosa la jinai, hadi mwaka 1 jela au faini. Hata kwa uzembe tu, bila kukusudia, ni hadi miezi 6.

Jambo lingine ambalo vijiwe havilisemi: katika sheria nyingi anayeshtakiwa si aliyeshika usukani peke yake. Sheria ya Uingereza inasema kutumia, *kusababisha* au *kuruhusu* gari litumike bila bima. Ukimwazima shemeji gari lisilo na bima, au ambalo bima yake haimruhusu yeye kuendesha, nawe umo. Na "sikujua kama imeisha" si utetezi, kwa sababu kosa hili halihitaji nia. Mwanya uliopo ni mwembamba: mwajiriwa aliyekuwa kazini na gari la mwajiri, ambaye hakujua wala hakuwa na sababu ya kushuku kwamba halina bima.

---

Stika_Hai

Najibu lile la kukata bima kwenye simu. Haisaidii, na mara nyingi inaharibu zaidi.

Cheti cha kielektroniki kina saa na dakika. Tuseme umesimamishwa saa 4:10 asubuhi na cheti kinaonyesha bima imeanza saa 4:25. Hapo umemkabidhi trafiki ushahidi ulioandikwa kwamba saa 4:10 hukuwa na bima. Bima hairudi nyuma. Wakala akikubali kurudisha saa nyuma, huo ni ughushi, na sasa mna kosa jipya wewe na yeye. Ukiikata kwa ajili ya safari iliyobaki, sawa, ila usiitoe kama utetezi wa dakika zilizopita.

Fungua cheti chako sasa hivi, usingoje barabarani. Anza na tarehe ya mwisho. Bima ya mwaka iliyoanza tarehe 10 Machi kwa kawaida inakufa tarehe 9 Machi saa 5:59 usiku, haifiki tarehe 10. Ile siku moja ya "si inaisha leo?" inakamata watu wengi kuliko mnavyodhani.

Kisha soma mstari wa matumizi, ambao hausomwi na mtu. Ukikuta "binafsi" na wewe unabeba abiria wa kulipa au unasambaza mizigo ya wateja, mbele ya sheria uko karibu sana na asiye na bima, japo umelipa kila senti. Mstari wa madereva nao usiuruke: kuna bima zinazomruhusu yeyote mwenye leseni na ridhaa yako, na kuna zinazotaja majina au kuweka umri wa chini.

Namba ya usajili itazame herufi kwa herufi. Herufi O ikiandikwa sifuri, au B ikiandikwa 8, kanzidata ya bima haikusomi na kamera ya barabarani inakuhesabu huna bima. Ukiona kosa, omba marekebisho kwa maandishi siku hiyohiyo na cheti kipya kitolewe. Usirekebishe kwa kalamu. Cheti chenye mkwaruzo wa kalamu ni karatasi tu.

Na wanaolipa kwa awamu: awamu ikiruka, kampuni inatoa notisi ya kusitisha, na notisi hiyo huenda kwenye barua pepe uliyoandika siku ya kwanza, ile usiyoifungua. Cheti cha PDF kinabaki kwenye simu kikionekana kizima kabisa, kumbe mkataba umeshakufa.

---

Kona_Kali

Mkuu Stika_Hai, kwa maelezo hayo basi cheti hakina maana. Kama polisi wanaangalia kanzidata, kwa nini dereva aadhibiwe kwa kukosa karatasi?

---

Stika_Hai

Hoja nzuri, na kuna waliokubaliana nawe. Ufaransa tangu tarehe 1 Aprili 2024 ile stika ya kijani ya kioo cha mbele imefutwa pamoja na cheti chake, na polisi wanakagua kwa namba ya gari moja kwa moja. Asiye na bima huko anatozwa papo kwa papo euro 500, akiwahi kulipa ni 400, na ikifika mahakamani inaweza kupanda hadi 3,750.

Ila kanzidata ina mapengo. Bima iliyokatwa leo inaweza kuchelewa kuonekana, na magari ya kampuni kubwa yenye mkataba mmoja wa magari mengi huingizwa kwa orodha ambayo mtu fulani ofisini lazima aikumbuke. Kwa hiyo beba uthibitisho. Uhifadhi ndani ya simu yenyewe, usitegemee mtandao. Picha ya skrini iliyokata tarehe haikubaliki popote.

Kwa wanaoogopa kumpa ofisa simu: California sheria inakubali uthibitisho wa simu na inamkataza ofisa kutazama kitu kingine chochote humo. Ila simu ikianguka, hasara ni yako.

---

Wakili_Mezani

Niongeze utaratibu wa mwenye bima hai asiye na cheti, kwa kuwa hapa ndipo kesi nyepesi inapogeuka nzito.

Kwanza, chunga ulimi. Usiseme "sina bima" wakati unachomaanisha ni "sijaibeba". Maneno hayo yanaandikwa kama yalivyo. Pili, soma ulichoandikiwa kabla ya kusaini: kosa lililotajwa ni la bima au la uthibitisho? Kama ni la bima na bima unayo, sema hapohapo na uombe iandikwe kwamba umedai ipo. Angalia pia saa ya tukio imeandikwa sawa.

Tatu, usipeleke cheti peke yake. Omba kwa kampuni ya bima *barua* inayosema kwamba tarehe fulani, saa fulani, gari namba fulani, likiendeshwa na fulani kwa matumizi fulani, lilikuwa na bima. Cheti kinathibitisha kilitolewa, barua inathibitisha kilikuwa hai, kwa sababu zile za awamu zilizoruka alizotaja mkuu hapo juu. Peleka nakala, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, asili ubaki nayo.

Nne, muda. Kukaa kimya kwa kuwa "najua bima ninayo" ni kosa kubwa. Siku zikipita unahukumiwa kwa kutotoa uthibitisho, na katika mifumo mingi mahakama inaendelea bila wewe, ikichukulia hukuwa na bima. Kuifungua upya kesi iliyokwisha kuamuliwa ni kazi ngumu kuliko barua moja.

Sasa gari likikamatwa. Uingereza polisi wanaweza kulichukua papo hapo, na hapo gharama ya kuvuta na ya yadi kwa kila siku inaanza kuhesabiwa. Ili ulitoe unahitaji leseni, uthibitisho kwamba ni lako, na bima hai. Watu wanakwama kwenye hiyo ya tatu: bima nyingi za siku chache zina sharti kwamba hazitumiki kutolea gari lililokamatwa. Unalipa, unafika yadi, unarudishwa. Kabla ya kulipa uliza swali hilo moja na jibu lije kwa maandishi.

---

Daftari_la_Madai

Mmeongea sana faini. Kwangu mimi faini ndiyo adhabu ndogo kuliko zote kwenye orodha hii.

Ajali ikitokea na bima haipo, aliyeumia haachwi hivihivi katika nchi zenye mfuko wa fidia. Uingereza kuna Motor Insurers' Bureau, iliyoanzishwa 1946, ambayo inamlipa majeruhi wa gari lisilo na bima. Halafu inamgeukia dereva kudai ilichotoa. Mguu uliovunjika, miezi ya kutofanya kazi, matibabu, vyote vinakuwa deni lako binafsi. Faini ina tarakimu zake, deni hili linafuata madhara yalivyo, na mtu aliyepooza anahitaji matunzo ya maisha yake yote.

Hata mwenye bima aliyevunja masharti asijione salama. Sheria nyingi zinailazimisha kampuni imlipe mtu wa tatu kwanza, kisha inajirudishia kwako. Watu husikia "kampuni imelipa" wakapumua, kumbe barua ya madai iko njiani.

Na ukiwa wewe ndiye uliyegongwa? California, kwa kura ya wananchi ya 1996 iliyopewa namba 213, mwenye gari asiye na bima hawezi kudai fidia ya maumivu na mateso hata kama aliyemgonga ndiye mwenye kosa. Anapata gharama za matibabu na kipato alichopoteza, basi. Hii huwashangaza wengi.

Baada ya hapo inakuja bei ya bima. Kosa la bima lazima ulitaje kila unapojaza fomu mpya kama imeulizwa. Uingereza alama yake, IN10, inakaa kwenye leseni miaka 4. Ukiificha, umetengeneza sababu ya kampuni kukataa dai au kuuvunja mkataba, yaani unarudi palepale pa kutokuwa na bima.

---

Kona_Kali

Kuna jimbo Marekani halilazimishi bima kabisa, au ni hadithi?

---

Daftari_la_Madai

Si hadithi, ni New Hampshire. Lakini ukisababisha ajali unatakiwa uonyeshe uwezo wa kulipa, ukishindwa leseni inasimamishwa. Virginia nao walikuwa na njia ya kulipa dola 500 kwa mwaka uendeshe bila bima. Waliifuta tarehe 1 Julai 2024. Na zile dola 500 hazikuwa bima, hazikumlipa mtu yeyote aliyegongwa.

---

Boda_la_Mpaka

Kifupi kwa wanaovuka mpaka: bima ya nyumbani haivuki peke yake. Kwa nchi zilizo kwenye mfumo wa COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, kuna Kadi ya Njano, inayotolewa juu ya bima yako ya ndani. Tanzania imo kwenye mfumo huu ingawa si mwanachama wa COMESA. Inahusu madai ya mtu wa tatu na matibabu ya dharura ya dereva na abiria. Gari lako lenyewe likiumia, hiyo kadi haikujui, hata kama nyumbani una bima kubwa. Hakikisha nchi zote za njiani hazijafutwa kwenye orodha ya kadi, siyo ile unayokwenda tu. Ulaya wana Kadi ya Kijani, na tangu Julai 2020 inaruhusiwa kuchapishwa kwenye karatasi nyeupe, kwa hiyo asikutishe mtu kwamba nyeupe ni feki.

---

Mwendo_Pole

Wakuu nimeelewa, ahsanteni. Moja la mwisho. Gari limeegeshwa tu, haliendeshwi miezi kadhaa. Nalo linahitaji bima?

---

Wakili_Mezani

Inategemea sheria inasema "kuendesha" au "kutumia", na limeegeshwa wapi. Likiwa barabara ya umma, mahakama za Uingereza zimeshaamua kwamba hata gari lililosimama linahesabika linatumika. Tena tangu 2011 huko mwenye gari lililosajiliwa anatakiwa awe na bima muda wote, liwe linatembea au halitembei. Asipokuwa nayo anaandikiwa barua ya onyo, kisha pauni 100, bila trafiki yeyote kumsimamisha. Njia ya kuepuka ni kutoa tamko rasmi kwamba gari liko nje ya barabara na kulitoa kweli barabarani, liwe ndani ya geti.

Fuata mpangilio huo: tamko kwanza, kusitisha bima baadaye. Watu wanaanza na bima ili waokoe hela ya wiki moja, na barua inawakuta katikati.